Ndani ya Kofia ya Viua

Kiembe Samaki, Unguja
Jumapili jioni

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Saadiya,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta umeshasali na umekaa pako, na mjukuu wako Yusra yuko mbele yako anakusomea. Yusra, shangazi yako nakuomba usome polepole na usiruke mistari hata ukiona mirefu. Mimi mzima wa afya, alhamdulillahi, ila kifundo cha mkono wa kulia kinauma kidogo, na sababu yake utaisikia. Vipi macho mama? Kaka Haitham kaniambia kwamba yale matone hutaki kuyatia kwa sababu yanachoma. Yatie tu. Daktari alisema ukungu uliokwishaingia hautatoka, lakini matone yatauzuia usizidi. Nakujua ulivyo mbishi, na mimi nimekurithi, kwa hivyo tusichoshane.

Huenda unauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe mwenyewe ndiye unayesema kwamba maneno ya simu yanapita, lakini barua mtu anaweza kurudiwa. Hii nataka urudiwe mpaka Yusra achoke.

Habari kubwa ni kwamba tumeshinda, mama. Nilipokuja Jambiani mwezi wa Rajabu nilikuambia nataka kuchonga kofia ya viua, na vitobo vyake vyote vilivyozungushiwa uzi, ndani ya kompyuta, kubwa kama nyumba, watu wavae miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika uso mzima, waingie ndani ya kofia wasimame. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Kisha ukaacha kucheka, ukasema mashine inaweza kupiga picha ya kofia lakini mkono wa mshonaji haiwezi kuubeba, na kwamba mkono wako wewe ulikwisha siku macho yalipoingia ukungu, basi uachwe ulale. Nilikuaga kwa adabu. Lakini neno lile nililirudia njia nzima ya kurudi mjini, na nikajiapiza kwamba mkono wako utaingia katika mashine hii, hata kama mashine yenyewe itakufa.

Na kweli ilikufa, tena si mara moja. Ngoja nikueleze kama unavyopenda kuelezwa. Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea vitu. Pa kwanza ni pa kuhifadhia, kama sanduku lako la nguo, hapo unaweza kushindilia utakavyo. Pa pili panaitwa kumbukumbu, mafundi wanasema ramu, na hapo ni kama mapaja yako unaposhona: kile unachokifanyia kazi sasa hivi lazima kikae hapo, na kisipoenea kinaanguka. Kofia yangu haikuenea. Mimi navaa ile miwani, nashika kishikio kila mkono, nachonga kiua kimoja kimoja hewani kama mwendawazimu anayefukuza nzi, na kila uzi wa kila kiua ni maelfu ya vinukta ambavyo mashine inatakiwa ivibebe vyote kwa pamoja. Nikifika robo ya kofia, dunia yote inaganda mbele ya macho yangu, kisha giza. Nilikuwa nikivua miwani nikilia kwa hasira, mama, sikufichi.

Nikaenda kwa Ubwa, fundi wa kompyuta pale Darajani, yule aliyewahi kuifufua simu ya Haitham iliyoanguka kisimani. Akaifungua mashine, akatikisa kichwa. Akasema ina kumbukumbu ya giga kumi na sita, na kwa ninachokitaka hata sitini na nne zitahema. Akauliza kwa nini nisichonge kiua kimoja kizuri halafu mashine ikirudufu kuzunguka kofia yote, maana hivyo ndivyo wanavyofanya wenye akili zao. Nikamwambia mshonaji hashoni viua viwili sawasawa hata akitaka. Akatafakari, akasema basi angalau nifute upande wa ndani wa kitambaa, nani atakayeupekua.

Hapo nikacheka peke yangu. Nilikukumbuka unavyoletewa kofia ya mtu uitazame: hata usoni mwake huiangalii, unaibinua kwanza uone ndani, na ukikuta fundo au uzi uliokatwa ovyo unairudisha bila neno, na mwenyewe anajua kishaumbuka. Mimi umenilea hivyo, kwa hivyo bila hata kufikiri nilikuwa nimechonga nje na ndani, na ndiyo maana mzigo ulikuwa maradufu. Nikamwambia Ubwa ndani haifutwi.

Bi Shahida, msimamizi wa maonyesho ya sanaa ambamo kofia hii ilipewa chumba, naye akaniita kwenye lile jumba la Shangani walilolitayarisha. Akaniambia kwa upole, lakini kwa uthabiti, kwamba kama kofia haitafunguka yote kwa pamoja siku ya kuanza, chumba changu atampa mpiga picha mmoja, na ukutani zitatundikwa picha za kofia. Picha, mama! Lilelile neno lako.

Nikarudi nyumbani nikafikiri mnavyofanya nyinyi wenyewe. Kofia haikai mapajani mwa mtu mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mmoja anashona duara la juu, mwengine anachukua ukanda wa pembeni, ndipo inapokuja kuunganishwa. Basi nami nikaikata kofia yangu vipande. Kipande ninachokichonga nakiweka wazi chote, vyengine navirudisha sandukuni, na mahali pao naweka vivuli tu ili nisipotee. Mashine ikatulia. Nilichonga mpaka kifundo kikavimba, na sikugandishwa tena.

Ilibaki siku ya kuunganisha, ambayo haina ujanja: lazima vyote vikae pamoja. Ubwa alikuwa ameshaingiwa na kiburi cha kazi hii kuliko mimi. Siku ya ufunguzi hakufungua duka. Alichukua mashine yake kubwa kuliko zote, akachomoa vijiti vya kumbukumbu kutoka nyengine zake mbili, akavichomeka humo, akaja nayo Shangani kaipakata kama mtoto mchanga. Akawasha. Nilifumba macho nikasoma nilichojaaliwa kusoma. Nilipofumbua, Ubwa alikuwa kavaa miwani, kaangalia juu, mdomo wazi.

Mama, ilifunguka yote! Mwanga unapita katika kila kiua na kuanguka sakafuni, na unaposimama katikati, kuta zote zinazokuzunguka ni upande wa ndani wa kofia. Upande uleule nilioambiwa niufute ndio watu walioutazama. Walipanga foleni mpaka nje ya mlango. Bi Shahida kaingia mara tatu, na ameniomba chumba kibaki mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa nisikilize vizuri. Miongoni mwa waliokuja alikuwa shoga yako Bi Mardhiya, aliyeletwa na mwanawe. Unajua macho yake yalivyo, ya kwako na ya kwake ni mamoja. Nilimvalisha miwani kwa heshima tu, sikutegemea kitu. Akaanza kunyoosha kidole hewani, akifuata uzi. Humo ndani kiua kimoja ni kikubwa kama sinia, mama, alikuwa anaona! Ghafla akapiga kelele watu wote wakageuka: "Huu mkono wa Saadiya! Nnaujua mie, nshakaa nao kibarazani miaka! Nani kauleta huku?"

Sikuwa nimemwambia mtu, hata Ubwa. Na wewe nilikuambia ni kofia yangu ya kubuni. Si kweli. Ni yako, mama, ile ya mwisho, ambayo macho yalikuzuia kuimaliza, ukanitupia siku ile uliyonicheka ukasema niende nikafutie vumbi la mashine yangu. Sikufuta nayo vumbi. Niliweka kila uzi wako mbele yangu nikauchonga ulivyoulaza, hata pale ulipovuta zaidi kwa sababu ya hasira zako.

Pana robo ya ukanda ambayo hukuishona. Wageni wote waliniuliza kwa nini ukuta ule ni mtupu, nikawaambia mwenyewe hajamaliza. Sikuichonga, wala sitaichonga. Ijumaa baada ya sala nakuja na miwani, na Ubwa anakuja na mashine. Nimekutengenezea sindano ndefu kama mwiko na uzi mnene kama kamba ya ndoo. Bi Mardhiya ameshaijaribu, anasema inashona. Utaendelea pale ulipoachia.

Mwambie Haitham ahakikishe umeme upo siku hiyo, na asitoe visingizio. Nisalimie mkewe Radhiya na jirani zetu wote. Yusra, ahsante kwa kusoma, na kama bibi yako analia, mpe maji kwanza ndipo uanze tena kutoka juu.

Ni mimi mwanao, radhi zako nikizitaraji kila siku,

Riyama