Uso Uliofutwa Sokoni

Bukoba, Jumamosi 14 Mei 1988

...na bado siamini kwamba ni mume wangu. Wiki tatu za ndoa, lakini nikimwona Deo wangu, mchora kuta za mitaani, mikono myeusi kwa wino mpaka viwikoni, moyo unanienda mbio.

Leo yeye na mzee Anselmi, fundi wa kuchapa, walifanya kazi sokoni mbele za watu. Deo alikuwa amechora juu ya jiwe la kuchapia uso wa kijana tuliyemzika Jumatano kule Hamugembe. Marehemu hakuacha picha hata moja. Mama yake alisimama mbele kabisa.

Jiwe likishashika mafuta ya mchoro, mchoro wenyewe hufutwa kwa tapentaini kabla ya jiwe kupakwa wino. Hakuna aliyemwambia yule mama. Mzee alipopitisha kitambaa, uso ukatoweka.

"Waitu, jamani, mbona mnamfuta mwanangu!"

"Subiri, mama, anarudi," Deo akasema. Maskini, alimaanisha mchoro.

Rola ya wino ikapita, uso ukarudi. Wakauchapa, mama akautazama karatasini.

"Amekonda. Mmemchora mgonjwa."

"Sikumjua akiwa mzima, mama," Deo akasema.

Mama akanigeukia mimi. "Wewe bibi harusi, chorwa sasa, mashavu bado yapo."

Watu walicheka. Nilikasirika mno.

Deo aliishi miaka miwili kwenye visiwa vya ziwani, ambako ugonjwa huu wa kukondesha umejaa, kabla hajanioa. Sijawahi kumuuliza lolote kuhusu huko.

Wakati wa chakula nilimwomba anichore kesho. Akauliza, "Haraka ya nini, mpenzi?"

Nampenda kupita kiasi. Nilimjazia sahani tena.