Mstari wa Kumi na Tisa

Bweni la Tarrant,
Shule ya Wexcombe,
Harrow Falls, New Hampshire.
Jumapili, 1 Machi 1987.

Mpendwa Shangazi Lucille,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi tele. Kifua chako kinaendeleaje huko jangwani? Je, bado unaota jua uani bila hata shali, kama ulivyotuandikia Krismasi, wakati sisi huku tunachimba theluji kuutafuta mlango wa gari? Sisi sote hatujambo. Mimi ndiyo usiniulize, maana nina furaha hadi naona haya kuiandika. Leo ni siku ya sitini na nne tangu niolewe na Emmett, na bado kila asubuhi nikimwona akivaa soksi nageukia ukutani nicheke peke yangu.

Lile blanketi la viraka ulilotushonea liko kitandani. Emmett anasema umetutumia jua la Arizona kwa posta.

Shangazi, leo situlii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara nne. Nimepanga vikombe, nimevipangua, nimechungulia dirishani kana kwamba kuna mgeni njiani. Sasa ni saa saba na nusu mchana, na saa kumi simu ya ukutani itapigwa na mwenyekiti wa kamati ya ligi. Atatuambia kama vijana wetu wamo katika timu nane za mashindano ya mwisho. Wexcombe haijaitwa huko kwa miaka kumi na minne, na huu ni msimu wa kwanza wa Emmett kuwa kocha mkuu.

Nikueleze msimu ulivyokwenda, maana wewe magongo ya barafuni unayajua kuliko mapadri wanavyoijua misa. Tulianza vibaya. Mechi nne za kwanza tulifungwa zote, na ile ya nne mabao tisa kwa moja. Emmett hakupiga kelele. Alivikusanya visahani vyote vinavyopigwa kwa magongo, akavifungia kabatini, na kwa wiki nzima vijana wakawa wanateleza tu, mbele, nyuma, na kona, hadi miguu ikawatetemeka. Walimchukia! Usiku nilimsikia kapteni wao, Hollis Averill, akisema kwenye ngazi, "Huyu hafundishi magongo, huyu anafundisha kufa." Lakini kisahani kiliporudi, walikuwa wepesi kama mbayuwayu.

Harusi yetu yenyewe tuliifunga tarehe ishirini na saba Desemba kwa sababu hapo tu ndipo ratiba ilikuwa na mwanya. Fungate ilikuwa siku mbili. Vijana walisimama nje ya kanisa safu mbili, wakainua magongo yao juu, nasi tukapita chini yake theluji ikitudondokea. Shangazi, hakuna malkia aliyewahi kupita chini ya kitu kizuri namna ile!

Januari waliapa hawatanyoa ndevu hadi msimu uishe. Ungewaona! Wana miaka kumi na saba, mashavu yana manyoya kama vifaranga. Mlinda lango wetu alimwambia Hollis mbele ya watu wote mezani, "Kapteni una ndevu kumi na moja, na mbili ni za kuazima."

Tunaishi nao bweni moja, na ukuta wa jikoni kwetu ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Juzi Emmett alikuwa ananiimbia huku akiosha vyombo. Mara sauti ikatoka upande wa pili: "Kocha! Mwenzio ameshakubali kuolewa, sasa za nini nyimbo?" Nilicheka hadi nikavunja sahani. Wake wa walimu wengine wamesoma vyuo vikubwa na huzungumza na wanafunzi kwa kipimo. Mimi ni binti wa Gagnon wa kiwandani, nilitoka sekondari nikaingia chumba cha kufulia jezi za shule hii hii. Nilidhani sitapata nafasi yangu hapa. Nafasi nimeipata kwenye meza ya mwandishi wa mchezo, kwa sababu yako.

Unakumbuka uwanja wa kiwanda, mimi nina miaka kumi na miwili, wewe unaandika karatasi ya mechi na glavu zilizokatwa vidole? Ulinifundisha: macho barafuni, kalamu karatasini, moyo uuache nyumbani. Msimu wote huu nimeandika kila bao, kila adhabu, kila dakika. Sikukosea hata mara moja.

Shangazi, jana nilikosea.

Nilitaka nikuandikie habari za furaha tu, lakini nisipokwambia wewe nitapasuka. Jana tulicheza na Aldermere, mechi ya mwisho. Mambo yalikuwa wazi kabisa: tukishinda, nafasi ya nane ni yetu, tukitoka sare, ni yao. Majina niliyaandika Ijumaa jioni, kumi na nane, kwa sababu Curtis Vail, namba kumi na sita, alikuwa zahanati na homa. Jumamosi, saa moja kabla ya mchezo, nesi akamruhusu. Emmett akaniambia mwongeze. Nikashika kalamu, nikaiweka kwenye mstari wa kumi na tisa. Hapo hapo akarudi na kikombe cha chokoleti ya moto, akanibusu shingoni, akaenda zake. Nilikaa namtazama mgongo wake katika koti lile la kijivu. Kalamu nikaiweka chini.

Sekunde arobaini kabla ya mwisho, tuko mawili kwa mawili, Curtis akafunga. Niliandika "16" kwenye safu ya mabao. Waamuzi wakasaini, kocha wa Aldermere akasaini, kila upande ukachukua nakala yake. Hakuna aliyesoma majina. Leo saa nne asubuhi nilikuwa naibandika nakala yetu ya rangi ya waridi kwenye albamu ya mwaka wetu wa kwanza, ndipo nikaona mstari wa kumi na tisa ni mtupu.

Nawe unaijua sheria. Asiyeandikwa hachezi, na bao lake si bao.

Emmett hajui. Yuko uwanjani na vijana wanasubiri saa kumi, wanacheka, nawasikia hadi huku. Kama nikinyamaza huenda lisijulikane kamwe. Kama nikisema, nimewanyang'anya kwa mkono wangu. Ni saa nane na dakika kumi. Shangazi, ngoja, siwezi kuandika tena.

*

Saa kumi na mbili na robo jioni. Nimerudi.

Nilitoka mbio na karatasi, na viatu vya kanisani. Emmett alikuwa juu ya mashine ya kulainisha barafu. Nilipokanyaga barafu vijana wakapiga mayowe: "Bi Sturgis, rudi! Hapo hata mtakatifu huanguka!" Nilianguka kweli, mara moja. Emmett akaruka chini.

"Nini, mpenzi? Wamepiga simu?"

"Hawajapiga. Hesabu majina."

Akahesabu kwa kidole chenye glavu. Akaivua glavu, akahesabu tena. "Curtis yuko wapi?"

"Hayupo. Nilikuwa namwandika, ukaja na kikombe."

Akanitazama, akasema, "Nikakubusu shingoni."

"Ukanibusu shingoni."

"Basi tumekosa wawili."

Nakwambia ukweli, Shangazi, ingawa naona aibu: nilimwomba tunyamaze. Nilimwambia hakuna aliyeona. Hakunikaripia. Aliniuliza, "Umejua tangu saa ngapi?" Nikasema tangu saa nne. "Umekula?" Nikasema sijaweza. "Basi unaona," akasema, akanifuta theluji magotini.

Akawaita vijana wakae benchi, akawaeleza. Hollis akasimama amewiva uso. "Kocha, hata refa hakuona!"

"Bi Sturgis ameona."

"Si angefumba macho tu?"

"Ungependa kucheza wiki ijayo ukijua yeye amefumba macho?"

Hollis akaketi. Aliupiga ubao kwa gongo lake, mara moja, kwa nguvu. Curtis akauliza, "Kwa hiyo jana mimi sikuwepo?"

"Kwa mujibu wa karatasi, hukuwepo."

"Mbona mbavu zinaniuma kama za mtu aliyekuwepo?"

Wakacheka, ingawa hawakutaka. Mimi sikuweza kuinua uso.

Emmett alimpigia kwanza kocha wa Aldermere, kisha mwenyekiti. Saa kumi kamili simu yetu ikalia. Nilisimama nyuma yake nimemshika mkanda wa suruali. Alisikiliza, akasema, "Nimeelewa. Asante. Wapeni heri zetu." Bao limefutwa. Mawili kwa mawili. Aldermere ndio wanaokwenda. Alisimama ameshika mkono wa simu muda mrefu baada ya sauti kukatika.

Muda mfupi baadaye mabomba ya bweni yakaanza kunguruma, yote kwa pamoja. Walikuwa wananyoa. Niliketi jikoni namenya viazi ambavyo hakuna aliyeniomba, machozi yanadondokea maganda. Mlango ukagongwa.

Alikuwa Curtis, kidevu kimejaa vipande vya karatasi ya chooni alivyobandika penye mikato ya wembe.

"Bi Sturgis, ile karatasi bado unayo?"

"Ninayo. Nataka kuichoma."

"Usiichome. Naomba kalamu."

Akainamia meza, na kwenye mstari wa kumi na tisa akaandika kwa herufi kubwa, polepole: CURTIS VAIL, 16.

"Haitahesabiwa, Curtis."

"Najua. Hii si ya kamati, ni ya albamu yako." Akarudisha kalamu. Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu Hollis anauliza, hivyo viazi ni vya wote?"

Vilikuwa vya wote, Shangazi. Wamekula hadi sufuria ikalia. Hollis alikuwa wa mwisho kuja, na aliosha sahani yake na yangu. Sasa wako nje, wanasukumana kwenye theluji na mashavu mapya, na Emmett yuko katikati yao, kofia imempanda upande mmoja. Ameniambia mwakani meza ni yangu vilevile, lakini chokoleti ataileta baada ya wimbo wa taifa, majina yakishaandikwa yote.

Uliniambia moyo niuache nyumbani. Nimejaribu, Shangazi. Niambie wewe, nifanyeje, ikiwa nyumba yangu sasa inasimama kwenye benchi la makocha na koti la kijivu?

Nisalimie Mjomba Armand na magoti yake, binamu Giselle na mapacha, na jirani yako yule anayekuletea machungwa. Mama na Baba wanakusalimu. Kaka Rosaire anasema ukija kiangazi atakupeleka mtoni ulipojifunza kuteleza. Mungu akulinde kifua, akupe pumzi ndefu na usingizi mnono.

Mimi akupendaye daima, mwenye haya kidogo na furaha nyingi,

Noella