Gari la Watu Wawili

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Mpendwa mjukuu wangu, mwenye miguu mirefu na barua fupi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. U mzima huko? Unakula, au unaishi kwa chai kama mgonjwa? Mimi mzima, ila goti, nalo lilianza kunigomea hujazaliwa. Shangazi yako, huko kwake, mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Nyumba imetulia mno. Nikikohoa sebuleni, jikoni kunaitikia.

Haya, gari lako. Uliniachia funguo ukasema, "Babu, litembeze lisilale, narudi si muda." Nalitembeza. Lakini ulipokata springi likashuka namna ile, ulikuwa na akili zako? Kuingia naingia kama naingia kaburini, kutoka natoka kwa kutambaa. Majirani wanatoa viti nje waje kunitazama.

Basi matairi ya mbele yakaanza kulika. Kwa nje mapya, kwa ndani kipara kama changu. Nikalipeleka kwa fundi wa alaimenti, yule anayenyoosha magurudumu, tunayemwita Bubu kwa sababu hanyamazi. Akasema gari lililoshushwa hutanua magurudumu kwa chini, kama mbuzi anayekojoa, ndiyo maana tairi linakwisha upande wa ndani.

Sasa yeye gari la chini hivyo halipimi tupu. Huweka magunia ya mchanga vitini, uzito wa wanaolipanda kila siku, ndipo anyooshe. Akauliza, "Mzee, mnapanda wangapi?"

Nikajibu, "Wawili. Mimi na mjukuu wangu."

Mdomo ulinitangulia. Akapandisha gunia kwenye kiti chako, nami nikamwambia aongeze mchanga kidogo, huenda umenenepa.

Tangu hapo, nikienda sokoni peke yangu, linavuta upande. Nashika usukani kama nimemshika mlevi mkono. Juzi nikalirudisha. Bubu akainama, akapitisha kiganja kwenye tairi la upande wako, limeanza kulika tena.

"Mzee, huyo mjukuu yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Njia gani hiyo? Tairi linasema hajakaa hapa hata siku moja!"

Gereji nzima ikacheka, nami nikacheka kuwashinda. Walipomaliza, akasogea, akanong'ona, ajabu kwake: "Nikupimie la mtu mmoja?"

Nikamwambia angoje. Nikaondoka nalo vilevile, likivuta.

Kulipima upya ni kazi ya muda mfupi tu, mwanangu. Kulipeleka naweza. Kutamka hilo neno "mmoja" mbele ya wale wahuni ndiko kunakonishinda.

Shangazi yako anakusalimu, anasema uvae soksi. Fundi cherehani anakusalimu, suruali yako bado anayo na sasa anaivaa. Bubu naye, salamu zake ni ndefu, nimezikata.

Mungu akulinde na baridi, na mabosi, na wasichana wanaojua kupika kukuzidi.

Ila niambie waziwazi: unarudi, au hurudi? Ukisema hurudi sitanuna, au nitanuna kidogo tu, kisha nitampelekea Bubu gari alipime tena bila gunia lako. Lakini andika mapema. Tairi la upande wako halitaumaliza msimu huu wa mvua.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinyamaza,
Babu yako