Mwendo wa Saa Moja Uliobaki

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu amekata mswaki wake nusu. Kwa kisu cha mkate! Nimemkuta mezani jikoni, mizani ya unga mbele yake, anapima soksi. Soksi! Nikamuuliza, wewe Unyoya, umerogwa au una njaa? Akasema Bibi, ukibeba kidogo unafika mbali, tena unaona unakopita badala ya kuangalia vidole vyako vya miguu.

Hilo limenichoma. Miaka kumi na minane nimepanda mlima ule na mizigo ya wageni, kilo ishirini na tano mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Waulize wengine njia ikoje, watakwambia maua, ndege, mawingu. Niulize mimi — nitakwambia visigino vya aliyenitangulia.

Yeye na wenzake wanakwenda ziwa la juu, siku tatu, watu sita, bila wapagazi. Kila mtu na begi lake jepesi.

Nimesema na mimi naenda. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Juni

Binti yangu, mama yake Unyoya, anauza dawa, kwa hiyo kwake kila mtu ni mgonjwa. Mama, una miaka sitini na tisa na goti bovu! Nikamwambia goti hili ndilo lililokusomesha, liamkie. Akanuna. Kabati lilifungwa mpaka vikombe vikalia.

Hajui kinachonivuta. Hakuna anayejua. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Darasani sijawahi kukaa. Herufi nilizitoa kwenye vibandiko vya mizigo, nyingine kanifundisha Unyoya. Nikikosea, shauri yangu.

Ni hivi. Ziwa lenyewe sijaliona. Miaka kumi na minane! Wapagazi tulikomea kibanda cha mwisho. Wageni wanaendelea, mwendo wa saa moja, mikono mitupu. Sisi tunasimamisha mahema, tunachota maji, tunapika. Wanarudi nyuso zimebadilika. Wengine wamelia. Nawapa sahani. Saa moja tu! Na sufuria iko motoni.

Binti yangu alipokuwa mdogo aliniuliza likoje. Nikamwambia la kijani, na katikati kuna kisiwa. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejishonea begi. Kitambaa cha hema lililochakaa, mikanda ya suruali ya marehemu mume wangu — nimeona bora imbebe mkewe kuliko kuliwa na mende. Unyoya kalipima: gramu mia tatu na kumi! Akanikumbatia. Nikamwambia toka, mke mwenza gani anavunja mwenzake mbavu.

Alitaka kuchana kurasa tupu za daftari hili uzito upungue. Nilimtazama tu. Akaacha.

Jumla kilo nne na nusu. Vitu vyote vya siku tatu! Zamani viatu vya mgeni mmoja vilikaribia hapo.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Tumejaribu kilima cha nyuma ya mnara wa simu. Nimeanguka mara mbili. Si goti — ni wepesi! Mwili umezoea kuinama chini ya mzigo. Ukiuondoa unakwenda mbele peke yake, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Mara ya pili nimeanguka mbele ya binti yangu, anatoka kazini. Akasema basi, yamekwisha, hakuna safari.

Kiganja kimechubuka. Unyoya kanisafisha.

Jumapili, 9 Juni

Nimetia mawe begini. Kilo kumi. Nimepanda kilima kile kile na kushuka, hata kuyumba sikuyumba! Unyoya kayamwaga yote. Kakasirika kweli. Bibi, watu tunakata mswaki, wewe unabeba mawe!

Kisha akanisimamisha wima. Wima, Bibi, tazama mbali. Akanishika kiuno kwa nyuma, tukazunguka uani kama walevi wawili. Jirani akauliza harusi lini. Nikamwambia ngoja kadi, wewe ndiye utakayeosha vyombo.

Shingo inauma. Jirani huyo amepanda maua juu ya ukuta wake. Anasema yana miaka tisa pale. Mimi leo ndiyo nimeyaona.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia binti yangu ukweli. Alikuwa dukani anahesabu vidonge. Lile ziwa nililokusimulia nilitunga, mwanangu. Sikuwahi kufika. Akauliza, hata siku moja? Hata siku moja. Akaendelea kuhesabu, akakosea, akaanza upya.

Halafu akasema, mbona nililichora shuleni, mama. Na kisiwa. Mwalimu akalibandika ukutani.

Nikarudi nyumbani.

Jioni nimekuta bandeji ya goti juu ya begi langu. Na karatasi, mwandiko wake: gramu arobaini na mbili. Ameipima!

Ijumaa, 14 Juni

Tuko juu! Natembea wima. Ule mwamba tuliokuwa tunauegemezea mizigo — ni ng'ombe aliyelala! Pembe, mgongo, kila kitu. Mara mia nimemwegemea, sijawahi kumwona. Nilisimama nikacheka peke yangu. Kiongozi wa msafara akauliza kama najisikia vizuri. Vizuri sana, baba. Tembea.

Baridi. Nimelalia viatu. Raha tupu.

Jumamosi, 15 Juni

Kibanda cha mwisho. Goti limevimba kama boga. Wenzetu wakaenda ziwani alasiri. Mimi sikuweza hata hatua kumi. Nilipogutuka nimeshika sufuria, napika uji wa watu sita. Hakuna aliyenituma! Unyoya kaninyang'anya mwiko. Kaa chini, Bibi. Naye hakwenda.

Wamerudi. Nyuso zile zile za wageni wa zamani. Nikaziba masikio: msiniambie.

Kiongozi kasema kesho saa nne asubuhi tunashuka, mvua inakuja, hangojwi mtu.

Jumapili, 16 Juni

Tumetoka wawili wenzetu wakiwa bado wamelala. Mabegi tumeyaacha, daftari nimelichomeka kiunoni. Mwendo wa saa moja — kwao wao. Mimi natembea kwa saa mbili na nusu sasa. Nimekaa juu ya jiwe. Ukungu. Bandeji imelowa. Kiongozi anapiga filimbi kutuita huko chini, mara ya pili.

Unyoya ametangulia hadi kwenye kona aone kumebaki kiasi gani. Nimemwambia, ukiliona, funga mdomo. Nataka kuliona mwenyewe, nisije nikasimuliwa.

Amefika. Amesimama. Ni hatua themanini hivi, tena za kupanda.

Haniiti. Hageuki. Amevua kofia.

Filimbi tena.

Haya, goti. Inuka.