Uzi Mguuni mwa Kizee

Alhamisi, jioni

Mimi ndiye niliyemlemaza Kizee, kuku wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote. Sijamwambia mtu. Nilipomaliza shule nilimfunga uzi wa nyavu mguuni, asichanganyike na kuku wa jirani yetu, Mama Neema. Kisha nikasahau.

Wiki iliyopita akaanza kuchechemea. Mama akasema, "Huo ni uzee. Jumapili anaingia sufuriani."

Nikamkamata, nikalinganisha miguu yake. Mmoja ulikuwa umevimba na una joto. Uzi ulikuwa umezama kwenye ngozi, huuoni mpaka upapase. Nikauloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikaukata uzi kwa wembe. Nikapaka dawa ya zambarau na kumtenga kwenye pumba kavu za mpunga. Nimeusafisha mguu huo kila siku.

Leo ameukanyagia kabisa, akamfukuza jogoo kwenye mahindi! Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi, Jumapili tutakula sato," akasema. Halafu akapaza sauti uani: "Mama Neema, njoo uone! Mwanangu daktari wa kuku!"

Mama Neema ana kuku mzee anayechechemea pia. "Kesho nakuletea mgonjwa, daktari," akaniambia. Nikatabasamu tu. Nitaanza kwa kumpapasa mguu, nione kama naye kafungwa uzi.

Nina furaha, lakini sifa hizi zinanichoma. Daftari langu, nitunzie siri hii mpaka nipate ujasiri wa kumwambia Mama mwenyewe.