Nimemwitikia Mkwe Wangu Redioni

Iringa, Julai 1957

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba unisaidie, maana sielewi kama nina kosa au sina, na kila ninayemuuliza ananizidishia kuchanganyikiwa. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nimeolewa na Lutengano, dereva wa lori, tunakaa hapa Iringa na watoto wetu wawili, Isakwisa wa miaka minne na mdogo ninayemnyonyesha. Kwetu mke haonani na baba wa mumewe, nikimwona njiani naingia vichakani, jina lake silitamki wala neno linalofanana nalo, naye akikaribia nyumba hukohoa kwa nguvu ili sisi wake wa wanawe tujifiche, na hiyo si chuki, ni heshima, wala haijawahi kunisumbua, tena tulipohamia Iringa nilisahau hata kujificha maana yeye yuko kule na mimi niko huku.

Sasa mwaka huu Lutengano kanunua redio ya betri, majirani wakawa wanajaa kwetu kila Jumapili jioni, nami nikafurahi kama wenzangu, kumbe watu wa redio walipita Tukuyu na mashine ya kunasa sauti wakawahoji wakulima wa kahawa, na Jumapili moja nimeinama nawawekea wageni ugali, sanduku likakohoa, nikadhani betri inakwisha, mara sauti ikasema, "Mugonile mwesa! Nawasalimu nyote mlio mbali," na mimi, Bibi, mdomo ulitangulia akili, nikaitikia "Ndaga!" kwa nguvu mbele ya watu wote, ndipo nikatambua ni nani anayenisalimu, nikaangusha bakuli la mboga na kutoka mbio, kitambaa cha kichwa kimebaki sakafuni.

Jailos, binamu ya mume wangu, alikuwa mgeni wetu, siku ile alicheka tu, lakini aliporudi Tukuyu akasimulia kwamba mke wa Lutengano anajibizana na mkwewe, na sasa mama mkwe ametuma neno nirudi kwa wazazi wangu mpaka wazee wakae, mdogo niende naye, Isakwisa abaki kwa baba yake. Jirani yangu Juliana, Mhehe, ananiambia, "Mama Isakwisa, we unakimbia nyaya?" Mume wangu naye anasema sauti si mtu, lakini jioni ile majirani walipoanza soga aliwafokea, "Nyamazeni, baba anaongea!" sasa kama si mtu, kwa nini wanyamaze? Kipindi kiliporudiwa Jumatano nilikaa nje kwenye baridi, mtoto mgongoni, mpaka kikaisha, naona aibu ya mkwe na papo hapo najiona mjinga. Je, nilimjibu yeye au nilijibu sanduku? Lutengano anasema nipande basi Jumamosi ili mambo yapoe, na redio kuiuza hataki. Isakwisa ananiuliza kama tunakwenda wote, nakwenda kulia jikoni. Nifanye nini?

Sekela

JIBU

Sekela mwanangu, pole sana. Futa machozi unisikilize, maana nitakugombeza kidogo.

Mimi si Mnyakyusa na sitajifanya naijua mila yenu kuliko wenyewe. Juliana ana nafasi ya kucheka kwa sababu aliyezungumza si mkwe wake. Wewe ukiona haya, hiyo haya ni yako, usikubali mtu akuite mjinga kwa kumheshimu mzee aliye mbali. Kama alikuwamo sebuleni kwako au hakuwamo, kusema kweli sijui. Nimeliwaza jambo hili mpaka chai yangu ikapoa. Hata mwanawe hajui: mdomoni anasema sauti si mtu, na hapo hapo anawanyamazisha watu.

Lakini kuna jambo umeliandika ukalipita mbio. Unasema sanduku lilikohoa. Sanduku halikohoi, Sekela! Huyo mzee aliketi mbele ya mashine huko Tukuyu, hajui sauti yake itafika wapi, akakumbuka kwamba huko itakakofika huenda yupo mke wa mwanawe. Akakohoa kwanza, kama afanyavyo mlangoni. Au labda alikuwa na mafua, sitaapa. Ila mimi naamini alikupa nafasi ya kutoka, nawe ukalaumu betri. Kosa lako ni hilo, nalo ni dogo: ulizoea mno kwamba Iringa ni mbali.

Tena hebu jiulize. Jailos kasema, mama mkwe kasema, Juliana kasema, Lutengano kasema. Mzee mwenyewe kasema nini? Umejaza karatasi nzima na hakuna aliyemuuliza! Wewe huwezi kumwendea, naelewa. Wenye miguu na ruhusa wamekaa tu, halafu mwenye kufungashiwa mizigo ni wewe na mtoto wa mgongoni.

Basi Jumamosi usipande basi. Mwambie mama mkwe, kwa adabu zote, kwamba umesikia agizo lake na unangoja neno la mzee. Mzee akisema sauti yake ni yeye, hewala, redio izimwe kila anapoanza, utoke, kisha wengine waendelee kumsikiliza. Akisema si yeye, kaa ule ugali wako. Akitaka aombwe radhi, aombwe kama mila yenu inavyotaka. Hayo yote ni mepesi. Kumwacha Isakwisa mlangoni kwa sababu ya umbea wa Jailos, hilo si jepesi, na usilikubali.

Nawe Lutengano, najua gazeti hili litakufikia, mnalisoma mnapongoja kupakia. Umeweza kumleta baba yako kutoka Tukuyu mpaka kwenye meza yako, watu wote wakamsikia. Ukashindwa kwenda kumwambia maneno mawili ya kumtetea mkeo. Unataka mambo yapoe, na atakayesikia baridi ni mwanao. Lori unalo, barabara ya Mbeya unaijua usingizini, na kutoka hapo Tukuyu si safari ya kukutisha. Ondoka kabla ya Jumamosi.

Bi Zuena