Amina Yake Ilitangulia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na kwamba mdogo wangu anakuchotea maji bila kununa. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Salamu zako zimenifikia, kwamba Jumapili utasimama kanisani kutoa ushuhuda jinsi Mungu alivyonilindia kazi yangu. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla ya siku hiyo.

Unamkumbuka yule dada wa kaunta niliyekuandikia habari zake? Ndiye aliyenipokea hapa ofisi ya mizigo nilipokuja sijui hata kushika muhuri. Alinifundisha kuugusisha wino kidogo tu, nisije nikazichafua karatasi za watu. Aliniita Kifaranga, na alipouona mwandiko wangu alisema kuku mzima angeparua vizuri zaidi. Wateja waliocheleweshewa mizigo walifika kwake wakifoka, wakaondoka wakicheka.

Kilichomsumbua ni macho. Alinieleza mimi peke yangu, siku alipokaribia kumkabidhi mteja mmoja, fundi cherehani, sanduku la mtu mwingine. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, anaweza kutolewa, lakini asubiri zamu yake. Naye ana watoto, na mume hana. Basi tukapatana: yeye azungumze na mteja, mimi nisimame nyuma yake nimnong'oneze namba za lebo. Tuliendelea hivyo muda mrefu, na hakuna mzigo uliopotea.

Kisha meneja wetu akatangaza kwamba kaunta itabaki na karani mmoja. Meneja huyo tunamwita Askofu, kwa sababu ya maombi anayotuongoza kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa. Hakusema atabaki nani. Alisema tumwachie Mungu. Tangu hapo nikawa nashtuka hata nikiitwa kwenda kunywa chai. Niliifikiria shule ya mdogo wangu. Nilikufikiria na wewe, unavyowaambia majirani kwamba mwanao anafanya kazi ya kukaa kwenye kiti.

Asubuhi moja Askofu akaniambia niongoze maombi. Tulishikana mikono kama kawaida, na mkono wa dada yule ulikuwa ndani ya wangu. Mama, ulinifundisha niwaombee wengine kabla ya kujiombea mwenyewe. Nilifanya hivyo hivyo. Nikamwomba Bwana amguse mwenzetu mmoja aliye katika shida, na watu wakaitikia amina. Kisha nikataja kaunta. Nikataja macho. Nikasema kwamba hata namba za lebo haoni tena, anasomewa. Sauti yangu ilikuwa ya upole, na machozi yalinitoka, ya kweli kabisa. Mkono wake ukapoa ndani ya wangu, lakini hakuutoa. Nilipofumbua macho, Askofu alikuwa ameshafumbua yake, anamtazama.

Ningependa kukuambia kwamba niliteleza ulimi. Sikuteleza, Mama. Maneno yale niliyapanga nikiwa naoga.

Siku hiyo hiyo akaambiwa akapumzike nyumbani. Wenzangu wananisifu kwamba nina moyo wa kubeba mizigo ya wengine. Kiti chake ndicho ninachokalia sasa, na mto aliouweka mwenyewe bado upo.

Jana nilikwenda kwake, nimejiandaa kutukanwa. Alinikaribisha ndani, akanivutia kigoda, akauliza kama wewe hujambo. Kisha akanipa chupa ya dawa ya macho nimsomee yale maandishi madogo. Nikamsomea kwa kunong'ona, kwa mazoea, mpaka akaniambia niongeze sauti, hapa hakuna mteja. Aliponisindikiza mlangoni ndipo akasema kwamba asubuhi ile yeye ndiye aliyetangulia kuitikia amina, tena kwa nguvu, kwa kuwa alidhani namwombea mtu mwingine. Hakuniita Kifaranga.

Nimefika mlangoni kwa Askofu ili nimweleze ukweli wa maombi yale, nikarudi. Naogopa. Hata ninapokuandikia hivi naogopa, na sijui kama kesho nitaugusa ule mlango tena.

Lakini Jumapili usisimame, Mama. Ukishukuru kwa ajili ya kiti hiki, utakuwa umeitikia kama yeye alivyoitikia. Nimejaribu kumwombea apone. Kila nikianza, nasikia moyoni kwamba nataka apone ili mimi nilale. Kwa hiyo mwombee wewe, usiyemjua, usiye na cha kupata kwake.

Msalimie sana mdogo wangu. Usimwambie habari hizi. Akiuliza, mwambie kaka yake bado anafundishwa kazi.

Ni mimi mwanao,
uliyenifundisha kusali.